Moto wa Wakisi

Katika ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako milima ya Livingstone huteremka wima hadi majini na kumwachia mkulima ukanda mwembamba tu wa ardhi, Wakisi wa Ikombe na vijiji vya jirani waliishi tangu kale kwa uvuvi wa wanaume na ufinyanzi wa wanawake, na vyungu vyao vikavushwa kwa mitumbwi hadi Matema na uwanda wa Kyela, kubadilishwa kwa vyakula vya Wanyakyusa.

Vyungu hivyo huchomwa juu ya ardhi tupu, pasipo tanuri, na mtu aliyezoea matanuri ya matofali aghalabu hudhani ameona uhaba wa maarifa. Nami naona kinyume chake. Mfinyanzi huanza kwa jua, ambalo halina gharama, maana kila tone la maji lililosalia katika udongo hutaka kuni za kuligeuza mvuke, na mvuke huo ukikosa njia hupasua chombo. Ni kweli kwamba moto wa wazi hupoteza joto hewani; lakini kuta za tanuri nazo hunywa joto jingi kabla ya chombo kulipata, na hasara hiyo hufidiwa tu pale moto unapowaka mfululizo, si kwa mtu achomaye vyungu vichache mara mojamoja. Zaidi ya hayo, moto wa kadiri huuacha udongo na vitundu vidogo, ambavyo kwavyo mtungi hutoa jasho na kuyapoza maji, na chungu huvumilia mafiga bila kupasuka.

Juu milimani Wakinga, waliowauzia Wanyakyusa majembe, walihitaji tanuri lililofungwa, makaa na mivukuto, kwa kuwa chuma hakitoki katika jiwe kwa moto wa wazi. Kila sanaa, basi, ilichagua moto wake.

Hata baada ya mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira kufunguliwa mwaka 1988, hesabu hiyo ya mfinyanzi, ya kukausha kwanza kwa jua na hewa ili kuokoa kuni, haikubatilika. Katika viwanda vya chai vya Rungwe, jirani na Kyela, majani hunyaushwa kwanza kwa upepo, saa nyingi, ndipo yanapoingia katika vikaushio vinavyopashwa moto kwa kuni. Na kiwanda kinachoharakisha unyaushaji huilipa haraka hiyo kwa kuni. Ningependa mhandisi aendaye huko kushauri juu ya mitambo mipya apite kwanza Lyulilo, karibu na Matema, Jumamosi, siku ya soko la vyungu, awaulize wafinyanzi wa Kikisi huanika udongo wao kwa muda gani.