Sikio Katika Historia ya Bima

Leo tutasoma historia ya bima ya afya, na jinsi sikio lilivyosahauliwa katika historia hiyo. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: BIMA, MCHANGO, SHIMESIKIO. Shimesikio ni chombo kidogo kinachovaliwa sikioni. Hukuza sauti ili mtu asiyesikia vizuri apate kusikia.

Katika darasa lenu huenda yupo mzee anayekaa karibu kabisa na redio. Akiitwa haitiki. Watu husema, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Lakini pengine mzee huyo si mkaidi. Masikio yake yamechoka. Yeye hakulipata somo hili vizuri hewani, kwa hiyo msomeeni ukurasa huu polepole, mkimtazama usoni.

Bima ni nini? Ninyi mnaijua tayari. Katika chama cha kufa na kuzikana kila mtu hutoa kidogo, na msiba ukimfika mmoja, wote humsaidia. Bima ya afya ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hutusaidia tungali hai, nayo huongozwa na sheria.

Mwaka 1883 Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi. Mfanyakazi alitoa mchango, na tajiri wake pia alitoa. Baadaye nchi nyingine zikafuata. Lakini uziwi hauui wala hautoi damu, na kwa hiyo watunga sheria wengi hawakuukumbuka.

Tazameni nchi mbili. Uingereza ilianza huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, kwa fedha za kodi. Mwaka huo huo watu walianza kupewa bure chombo cha kusikilizia kilichoitwa Medresco. Marekani, ambayo ni nchi tajiri sana, ilitunga mwaka 1965 sheria ya bima ya wazee iitwayo Medicare. Sheria hiyo iliacha nje vyombo vya kusikilizia, na mpaka leo bima hiyo ya asili haivilipii. Basi mnaona kwamba jambo hili haliamuliwi na utajiri peke yake. Huamuliwa na maneno yaliyoandikwa katika sheria.

Sasa turudi kwetu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilibeba mzigo wa matibabu ya wananchi. Shule ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Tabora si mbali sana nasi. Hufikiwa kwa gari la moshi kutoka Mpanda.

Mzigo wa matibabu ulizidi kuwa mzito, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama hospitalini. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga. Kaya ilitoa mchango wa mwaka, na Serikali iliongeza fedha juu yake. Mpango huo wa kuongeza uliitwa “tele kwa tele.” Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwaka 2001 mfuko huo ulianza kazi kwa watumishi wa Serikali. Mwaka huo huo wa 2001 Mfuko wa Afya ya Jamii nao ulipata sheria yake. Uliboreshwa mwaka 2018, ambapo kaya ya watu wasiozidi 6 ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na shabaha yake ni kila mkazi awe na bima.

Sikio nalo limeanza kukumbukwa. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza watoto viziwi vyombo vya kusikia, badala ya kuwapeleka nje ya nchi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kwanza juu ya usikivu. Ilisema kwamba watu milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa ajili ya masikio yao.

Historia hii inatufundisha nini? Kadi ya bima si ahadi ya kila kitu. Mkulima anaweza kuuza magunia ya mpunga, akalipa mchango, kisha akaambiwa dirishani kwamba chombo chake hakimo. Shimesikio moja huweza kugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha yako, uliza hivi:

1. Je, kupimwa masikio kumo katika bima hii?
2. Je, shimesikio limo? Ni moja au mawili?
3. Betri na matengenezo hulipwa na nani?
4. Likiharibika, nitapata jingine baada ya miaka mingapi?
5. Nitapimwa hospitali gani, na barua ya rufaa itatoka wapi?

Andika majibu kwenye daftari lako. Omba uonyeshwe mahali yalipoandikwa, uyasome mwenyewe. Ndiyo sababu tunajifunza kusoma. Tena, usinunue chombo kabla ya kupimwa. Pengine sikio limezibwa na nta tu, au lina usaha unaotibika.

Maswali ya kuzungumza: Kwa nini bima ya Marekani ya mwaka 1965 haikuwafaa wazee wasiosikia? Je, chama chenu cha kuzikana kinaweza kuweka akiba ya betri? Nani hapa Usevya tumemwita mkaidi, kumbe hasikii?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.