Uganda: Mabingwa wa upasuaji wabaki nchini, wa usingizi bado haba

Daktari anayesomea upasuaji katika Chuo Kikuu cha Makerere na mwenzake anayesomea usingizi na ganzi hutumia miaka mitatu ya uzamili katika vyumba vile vile vya upasuaji vya Hospitali ya Mulago, Kampala. Wakishahitimu, njia zao hutengana.

Hofu ya kwamba wapasuaji wote hukimbilia ng'ambo haina msingi mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu waliohitimu upasuaji Afrika Mashariki, Kati na Kusini kati ya 1974 na 2013 ulibaini kuwa takriban asilimia 85 walikuwa wakifanya kazi katika nchi walikosomea. Kubaki nchini, hata hivyo, si kubaki wilayani: wengi huelemea miji mikuu, kwenye hospitali binafsi.

Bingwa wa usingizi hana wagonjwa wake mwenyewe. Mgonjwa humtafuta mpasuaji kwa jina. Aliyemlaza na kuichunga pumzi yake hamjui, na pengine hakumbuki hata kumwona. Kipato chake cha ziada hutegemea kuitwa na mpasuaji, jambo ambalo wanafunzi hulitambua mapema wanapochagua fani. Shirikisho la dunia la vyama vya mabingwa hao linapendekeza madaktari 5 wa usingizi, kwa uchache, kwa kila watu 100,000. Uganda haijafikisha hata 1.

Pengo hilo huzibwa na maafisa wa usingizi ambao si madaktari, nao ndio hubeba mzigo mkubwa mikoani, mara nyingi bila vifaa. Katika uchunguzi wa mwaka 2006, asilimia 23 tu ya watoa usingizi waliohojiwa nchini humo walikuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, ni asilimia 6.

Wapasuaji wa kanda hii wana chuo chao tangu 1999, chenye makao Arusha, Tanzania, kinachomfunza daktari akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Chuo cha wenzao wa usingizi kilikuja zaidi ya muongo mmoja baadaye.

Uhaba huo humgusa mpasuaji pia. Akipangiwa hospitali isiyo na wa kumlazia mgonjwa, hufanya kazi ndogo ndogo za ganzi na kuwaandikia wengine rufaa, hadi naye anapoomba uhamisho wa kurudi Kampala.