Chunya: Dhahabu Iliondoka, Maneno Yakabaki

Dhahabu ya Mto Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927 ili kuyahudumia machimbo hayo. Bei ya dhahabu ilipopanda baada ya Uingereza kuitenga sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, huku mazao ya mashambani yakikosa thamani, Wazungu waliofilisika walikimbilia Lupa. Waliochimba na kuosha mchanga, hata hivyo, walikuwa maelfu ya vibarua Waafrika, wakiwamo Wanyakyusa kutoka Rungwe. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956.

Historia hiyo ndiyo iliyotusafirisha sisi wapenzi wa lugha kutoka Temeke na Kinondoni. Tulikodi Coaster, tukalala Mbeya, kisha tukaipanda milima kuelekea Chunya, mwendo wa kilomita 70 hivi.

Mzee mmoja, mchimbaji tangu ujanani, alitupokea. Tukamuuliza watu kumiminika penye dhahabu huitwaje.

“Rashi,” akajibu.

Mwenzetu, mshairi wa Mbagala, hakuridhika. “Shikamoo tena, mzee. Hilo si la Kizungu? Tusiseme mkurupuko?”

“Marahaba, mwanangu. Wanaokurupuka ni kuku. Sisi tulikwenda rashi.”

Tulicheka, lakini jibu lile lina hoja. Darasani duara ni umbo. Chunya duara ni shimo ambalo mtu huliingia asubuhi asijue kama atatoka. Karasha husaga mawe, zebaki hukamata chembe za dhahabu na kudhuru mikono inayoikoroga. Mwaka 2017, makontena ya mchanga wa madini yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, neno “makinikia” lilienea nchini kwa siku chache, kwa kuwa lilitamkwa na wakubwa. Duara la mchimbaji mdogo lingali likisubiri mlangoni mwa fasihi.

Ndugu msomaji, majina ya vibarua wengi wa Lupa hayakuandikwa popote tunapoweza kuyasoma. Maneno yao ndiyo kumbukumbu waliyotuachia. Tukiyatupa kwa kuwa yana vumbi au asili ya kigeni, tutawafukia mara ya pili. “Dhahabu” yenyewe ilitujia kutoka Kiarabu, na hakuna malenga anayeionea haya. Basi na “rashi” ipewe mizani yake: ra-shi, mbili tu, nyepesi kuingia katika kipande chochote cha shairi.