Mitungi ya Waroma hutambuliwaje?

Amfora ni mtungi wa udongo wenye vishikio viwili, ambao Waroma waliutumia kusafirishia mvinyo, mafuta ya zeituni na mchuzi wa samaki. Ni nadra kuupata mzima. Ndiyo maana wanaakiolojia hutafuta kwanza vipande vya mdomo, kishikio na kitako. Kigae cha tumboni hakionyeshi umbo.

Mwaka 1899 Mjerumani Heinrich Dressel alichapisha jedwali la maumbo 45, na namba zake zinatumika hadi leo. Dressel 1 ni mtungi mrefu wa mvinyo wa Italia. Dressel 20 ni wa mviringo, wa mafuta kutoka kusini mwa Hispania. Ukiwa mtupu una kilo 30 hivi. Vigae vyake ndivyo hasa vilivyojenga Monte Testaccio mjini Roma, kilima cha mita 35 hivi. Ndiyo, kilima kizima cha vigae!

Lakini umbo peke yake hudanganya. Dressel 2-4 ilifinyangwa Italia, Hispania na Gaul, yaani Ufaransa ya leo. Ukitazama umbo tu, unaweza kuandika historia ya biashara ambayo haikuwapo. Hapo huulizwa udongo wenyewe: chembe nyeusi za mchanga wa volkano, kwa mfano, huelekeza Campania, upande wa mlima Vesuvius.