Kutoka Tiba hadi Kinga: Twalib Ngoma na Udhibiti wa Saratani Tanzania

Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, ilirithi hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890. Profesa Twalib Ngoma, daktari bingwa wa saratani, aliiongoza akiwa Mkurugenzi Mtendaji, na mwaka 2006 alichapisha makala kuhusu vipaumbele vya saratani katika nchi zinazoendelea. Tatizo lililoikabili taasisi halikuwa uhaba wa mashine pekee: wagonjwa wengi walifika saratani ikiwa imekwishaenea. Umbali hautoshi kueleza hali hiyo, kwa kuwa Vingunguti na Ocean Road zimo katika jiji moja. Saratani ya mlango wa kizazi huanza bila maumivu, na asiyeumwa haoni sababu ya kwenda hospitali. Kwa hiyo kinga hulazimika kumfuata mwanamke mtaani kwake. Kipimo cha asidi ya siki, ambacho hugeuza seli zenye kasoro kuwa nyeupe, huweza kufanywa na muuguzi katika kituo cha afya bila maabara. Mwaka 2018 chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote kwa wasichana wa miaka 14. Hata hivyo, mafanikio ya kinga yatapimwa kwa wanawake ambao hawatahitaji kamwe kufika Ocean Road.