Uchovu wa Mjomba

Mimi ndiye niliyemwambia mjomba aache dawa. Naanza na hilo kwa sababu nikilificha, historia yote ninayotaka kuwasimulia itakuwa porojo tu.

Mjomba alichuna majani chai Kericho kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha akarudi kwao Bomet na ng'ombe wawili na maumivu ya mgongo. Tumbo lilipoanza kujaa maji, vipimo vikaonyesha homa ya ini aina ya B, na ini lenyewe lilikuwa tayari limejaa makovu. Akaanzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Miezi michache baadaye akanipigia.

"Wewe uko Nairobi na una simu kubwa. Hebu niangalizie, hii dawa inanifanyia nini? Nimechoka, hata mursik siitaki."

Mkipsigis akikataa mursik, ujue kuna shida. Nilikuwa kwenye matatu. Nikatafuta, nikaona orodha: uchovu, kichefuchefu, figo, mifupa. Nikamwambia, "Mjomba, zipumzishe kidogo."

Wiki kadhaa baadaye macho yake yakawa ya manjano.

Daktari aliyempokea hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba dawa hii haiui virusi, inavibana visizaane. Ukiiacha ghafla vinazaana upya, kinga ya mwili inavamia ini ikivisaka humo, na ini lenye makovu halina akiba ya kuhimili vita hivyo. Nikauliza, sasa ule uchovu ulitoka wapi? Akasema huenda ulikuwa wa ini lenyewe tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nikagundua kwamba swali la mjomba, yaani kama ni dawa au ni ugonjwa, limewashinda watu wenye maabara kubwa kuliko simu yangu.

Dawa ya kwanza kutegemewa dhidi ya homa ya ini ilikuwa interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Marekani iliiruhusu kwa aina ya B mwaka 1992. Ilikuwa sindano, kwa miezi mingi, na iliumiza: homa, mwili kuuma, nywele kupukutika, huzuni nzito iliyowafanya wengine wafikirie kujiua. Kwa wenye ini lililochakaa sana, iliweza kulimaliza kabisa. Yaani waliohitaji dawa zaidi ndio waliokuwa hatarini zaidi kuitumia.

Sisi Wakenya interferoni ilitufikia kwa mlango mwingine. Mwaka 1990 Rais Moi alitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotokana na utafiti wa KEMRI. Ilikuwa interferoni hiyohiyo, ila kwa kiasi kidogo mno, ikiyeyushwa mdomoni. Haikumsumbua mtu sana. Lakini majaribio yaliyofuata, likiwemo moja kubwa la Kampala, hayakuona faida yoyote. Basi dawa kutokukusumbua si ushahidi kwamba inakutibu.

Kisho kinyume chake kikatokea mwaka 1993, huko Bethesda, Marekani. Wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B walijaribiwa dawa iitwayo fialuridini. Mwanzoni virusi vilishuka vizuri. Baada ya wiki kadhaa ini za watu 7 zikafeli. Watano walikufa, wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Dawa ilikuwa inaua vinu vya nguvu ndani ya seli, polepole. Na kilichonikaa akilini ni hiki: katika majaribio yaliyotangulia, baadhi ya dalili za hatari zilidhaniwa ni ugonjwa wenyewe. Walikosea kama mimi, ila upande wa pili. Wao waliona sumu wakadhani ni ugonjwa. Mimi niliona ugonjwa nikadhani ni sumu.

Lamivudini ikafuata mwaka 1998, laini kwa mwili, lakini virusi vikajifunza kuikwepa. Tenofovir ilikuwa tayari inatumika kwa HIV tangu 2001, na mwaka 2008 ikaidhinishwa kwa homa ya ini aina ya B. Madhara yake ya kweli yapo. Inaweza kuchosha figo na kupunguza uimara wa mifupa, ndiyo maana figo hupimwa mara kwa mara, hasa kwa mtu ambaye ini lake limedhoofika. Lakini ukiiweka kando ya sindano za 1992, ni dunia nyingine.

Tatizo ni kwamba mjomba hakuishi katika vitabu hivyo. Aliishi kambini. Dawa za ARV zilipoanza kusambaa kwenye mashamba ya chai kuanzia 2004, wengi walipewa stavudini. Wenzake wakaishi, ndiyo, lakini mashavu yakabonyea na miguu ikawaka moto usiku. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe taratibu. Habari hiyo haikufika kambini kwa nguvu ileile kama yale mashavu. Miaka mingi baadaye mjomba anapewa kidonge kutoka dirisha lilelile la wenye HIV, kwenye kopo linalolia njiani kama njuga. Alilificha kwenye gunia la mahindi. Kwa hiyo mimi niliposema "zipumzishe," nilimpa ruhusa aliyokuwa akiingoja.

Watoto wa Kenya wanachanjwa dhidi ya aina ya B tangu mwishoni mwa 2001. Mjomba alizaliwa mapema mno.

Hakufa. Alikaa wodini wiki tatu, akarudishiwa kidonge chake, na sasa anatembea hadi barabarani na kurudi akiwa na fimbo. Zamani alikuwa anabeba kapu la majani kilo nyingi mgongoni. Tofauti hiyo, sehemu yake ni yangu.

Jumapili iliyopita alipiga tena. "Chamgei. Ule uchovu umerudi."

Nikaacha simu ya kutafutia mfukoni. "Umemwambia daktari?"

"Kliniki ni Alhamisi."

"Mwambie Alhamisi. Akupime figo na ini. Na leo umemeza?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kopo likilia.

"Nimemeza sasa," akasema.