Banyambala wa Tukuyu: Ubingwa wa 1986

Tukuyu ni mji wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye barabara inayotoka Uyole kushuka hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Huku ni nchi ya migomba, chai na mvua, na mvua yenyewe huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mji ni mdogo. Hata hivyo, mwaka 1986 kombe la ubingwa wa soka Tanzania Bara lilikuja kukaa huku.

Timu iliyolileta ni Tukuyu Stars, kwa jina la utani Banyambala. Ilikuwa ndiyo kwanza imepanda kuingia Ligi Daraja la Kwanza, kama ligi kuu ilivyoitwa wakati ule, na katika msimu wake wa kwanza ikazipita timu zote.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukipitia orodha ya mabingwa. Tangu ligi ianze mwaka 1965, kombe lilikuwa likipokezanwa na Simba, iliyoanza kwa jina la Sunderland, na Yanga. Waliowapokonya walikuwa watatu tu: Cosmopolitans mwaka 1967, Mseto mwaka 1975 na Pan African mwaka 1982. Kati ya hao, Mseto ya Morogoro pekee ndiyo ilitoka nje ya Dar es Salaam. Wakulima wa Rungwe waliozoea kuzisikia Simba na Yanga redioni sasa walikuwa na bingwa wao.

Ubingwa huo haukurudi tena. Mwaka 1987 Yanga ikalichukua kombe, mwaka 1988 likaenda Tanga kwa Coastal Union, na Tukuyu Stars ikaanza kufifia. Klabu ya mji mdogo haina ubavu wa kumzuia mchezaji anayetakiwa na Simba au Yanga za Kariakoo, na Tukuyu ilikuwa na wachezaji wa kutakiwa. Sekilojo Chambua, kiungo, alivaa jezi ya Tukuyu Stars kabla ya kwenda Yanga, ambako alikuwa mmoja wa nguzo za timu katika miaka ya 1990. Mbwana Makatta, aliyekuwa kipa wa Tukuyu Stars, aligeukia ukocha na kufundisha timu za ligi kuu, zikiwemo Prisons ya Mbeya na Dodoma Jiji. Mashabiki wengi wa Dar es Salaam walimshangilia Chambua kama mtu wa Jangwani, yaani wa Yanga, wakati ngazi za mwanzo alizipandia Rungwe.

Mkoa wa Mbeya ulionja tena ladha ile msimu wa 2013/14. Mbeya City, nayo ikiwa imepanda daraja, ilijaza Uwanja wa Sokoine na kumaliza ligi katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga iliyokuwa ya pili na Azam iliyotwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Nafasi ya tatu kwa timu ngeni ilisifiwa nchi nzima, na ilistahili sifa. Tukuyu Stars, ikiwa ngeni vilevile, ilikuwa imemaliza ya kwanza.